Msuli mahakamani: niuvae au nisiuvae?

Kisa cha leo nilikuwa nacho kifuani siku nyingi, ila kesi ilikuwa bado mbichi nikaogopa kujichanganya. Sasa hukumu imetoka, tega sikio.

Ilikuwa siku ya nne tangu nitoke hospitali. Nilikuwa nimepasuliwa ngiri, upande wa kulia, na nimejilaza sebuleni na msuli wangu kiunoni kama mzee anayesubiri kahawa. Mara hodi, kumbe mjumbe wetu wa nyumba kumi, mkononi ana karatasi yenye muhuri. Samansi! Jumatatu saa tatu asubuhi natakiwa mahakamani, shahidi wa utetezi.

Kesi yenyewe naijua. Kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, jina namhifadhi, alishtakiwa kwa wizi wa pikipiki. Lakini saa iliyotajwa kwenye mashtaka, yeye alikuwa kibanda umiza, tumekaa benchi moja, anatafuna karanga zangu bila hata kuomba. Tuliangalia mpira mpaka dakika za nyongeza, tukatoka pamoja, nikamwacha mlangoni kwao. Sasa alikuwa na miezi saba mahabusu, maana wadhamini wake hawakutimiza masharti. Wengine waliokuwepo kibandani siku ile, wakisikia neno mahakama wanahama mtaa. Nikabaki mimi.

Kwenda nitakwenda, hilo halikuwa na mjadala. Mjadala ulikuwa nguo.

Nilijaribu jinzi. Mkanda ukapita juu ya nyuzi za mshono, nikapiga yowe mpaka paka wa jirani akaruka dirishani. Nikajaribu suruali ya kitambaa, ile ya harusi ya dada, yowe la pili. Ningeweza kupeleka cheti cha daktari, tarehe isogezwe. Lakini kusogeza tarehe maana yake ni kumwongezea mwenzangu siku za kulala sakafuni. Msuli ndio ulikuwa haunigusi.

Kwa wale wa bara msioujua vizuri, msuli ni kitambaa kipana kilichoshonwa kama gunia lisilo na kitako. Unaingia ndani, unakunja kiunoni, basi. Sisi watu wa Pwani tunalala nao, tunakunywa nao chai, tunatoka nao hadi dukani. Ila mwisho wake ni dukani. Ukimwona kijana kituo cha daladala na msuli saa mbili asubuhi, unajua ama anaumwa ama kafukuzwa na mkewe.

Bibi yangu, ambaye huniita mume wangu, alikuwa na jawabu tayari.

"Vaa kanzu, mume wangu. Inaficha kila kitu, na hakimu atakuona mtu wa maana."

Kanzu ninayo, nyeupe, imekunjwa kabatini. Tatizo ni mimi mwenyewe. Ijumaa yenyewe huwa nachelewa, kanzu naivaa Idi mbili kwa mwaka. Nikaitinge Jumatatu ili mtu aniamini zaidi ya ninavyoaminika? Nikamwambia, "Bibi, hiyo itakuwa nimeanza kudanganya kabla sijafungua mdomo." Akasonya, akarudi kwenye mchicha wake.

Jioni nikajikokota hadi kwa kinyozi, ndiko bunge letu linapokaa. Hoja ikatua mezani, wakacheka mpaka mteja akanyolewa njia katikati ya kichwa. Mmoja akasema nikiingia na msuli hakimu atanifukuza kama kuku. Kinyozi akatoa simu yake, akatuonyesha picha ya Mfalme Charles wa Uingereza amesimama na kilti, kile kisketi cha mirabaraba cha wanaume wa Uskoti, soksi hadi magotini.

"Huyu naye afukuzwe?" akauliza.

Sio siri, ile picha ilinikaa kichwani. Usiku nikaperuzi habari za kilti, maana usingizi wenyewe wa kulala upande mmoja. Kumbe nguo ile iliwahi kufungisha watu! Waskoti wa milimani waliasi mwaka 1745, wakapigwa vibaya Culloden mwezi Aprili 1746. Mwaka huo huo bunge la London likatunga sheria: mwanamume au mtoto wa kiume wa Uskoti, asipokuwa askari, akikutwa na vazi la milimani, miezi sita jela. Akirudia, anapelekwa ng'ambo miaka saba. Sheria ikafutwa mwaka 1782. Haya, mwaka 1822 Mfalme George wa Nne akaenda Edinburgh akaivaa yeye mwenyewe! Nguo ni ile ile, mvaaji ndiye aliyebadilika.

Usicheke, na sisi tumo. Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianzisha Operesheni Vijana, ikawa marufuku kuvaa vimini, mawigi na suruali za kubana. Na miaka hiyo hiyo ya mwisho ya sitini, Wamasai walikuwa wanasukumwa waache shuka wavae suruali. Yaani huku unakamatwa kwa suruali, kule unakamatwa kwa kukosa suruali. Leo Mmasai anakatiza Kariakoo na shuka lake na hakuna anayegeuza shingo.

Kwa hiyo hoja ya "suruali ndiyo heshima" haikuniingia tena. Lakini kuna jambo lilinizuia kushangilia, nalo ni maneno ya marehemu babu.

Babu alikuwa mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo huko Tanga. Enzi zake hakimu alikaa na wazee wawili angalau, raia wa kawaida, nao wakitoa maoni yao. Yeye alikwenda na kanzu na koti juu, kila siku. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza anamjuaje mwongo. Akanijibu, "Mtu akiingia namtazama nguo, mimi si kipofu. Akianza kusema, nguo naisahau. Nikijikuta naitazama tena, najua maneno yake yameisha."

Basi nikapima. Maneno yangu yalikuwa ya kweli na yalikuwa yanatosha. Jumatatu nikavaa shati jeupe lililopigwa pasi, koti la harusi, viatu vyeusi, na katikati msuli wa buluu. Bibi akanitazama juu mpaka chini. "Juu waziri, chini baharia," akasema.

Kwenye daladala konda alipiga kelele, "Mpisheni mzee akae!" Mzee mwenyewe miaka ishirini na sita. Nilikaa, siwezi kusema sikushukuru. Getini kwenye mahakama kulikuwa na bango la mavazi yasiyoruhusiwa, lina picha na alama nyekundu: kaptula, kimini, suruali iliyochanika, fulana ya mikono mifupi kama kwapa. Nikalisoma mara mbili. Msuli haukuwemo. Askari naye alilisoma pamoja na mimi, akanitazama, akalitazama tena bango, akaniuliza, "Umetoka kitandani, kaka?" Nikamwonyesha samansi na cheti cha hospitali. Akaniambia nipite, ila nitembee haraka.

Nikakaa kwenye benchi la nje na mashahidi wengine. Saa nne. Saa tano. Mahabusu wakashushwa kwenye karandinga, jirani yangu akiwemo, amekonda mashavu. Aliponiona aliangua kicheko, cheko kubwa, mpaka askari magereza akamwambia anyamaze. Nikasema moyoni, kama msuli umemchekesha mtu mwenye miezi saba ndani, tayari umefanya kazi.

Saa sita karani akatoka. Mheshimiwa hakimu yuko semina, kesi zake zote zimeahirishwa wiki tatu. Basi! Ujasiri wangu wote ukaishia kwenye benchi.

Nikiwa natafuta pa kushika ili niinuke, mama yake jirani akaja. Ni mama anayetupikia vitumbua mtaa mzima. Alinishika mkono, akaniuliza hali ya mshono, akanipa pole. Kisha akainamisha sauti.

"Mwanangu, siku hiyo ukija, nakuomba uje na suruali."

Nikaanza kumweleza habari za babu, na bango, na mimi kusema kweli. Akanisikiliza mpaka mwisho, mama wa watu. Kisha akasema, "Nakuamini. Lakini wakikucheka wewe, wewe utarudi nyumbani. Mwanangu je?"

Msomaji wangu, pale nilikosa la kusema. Wiki nzima nilikuwa nimejadili nguo kama vile kesi ni yangu. Mfalme akivaa kilti hahatarishi chochote. Babu alikuwa mzee wa baraza mmoja, na si kila anayekaa pale mbele ni babu. Ujasiri wangu ulikuwa unalipiwa na mwingine, na huyo mwingine alikuwa amesharudishwa kwenye karandinga.

Wiki tatu baadaye mshono ulikuwa umefunga. Nikavaa suruali ya harusi, mkanda nimeulegeza tundu mbili, bado unakwaruza. Nikaapishwa, nikasema yale niliyoyaona. Mwendesha mashtaka akaniuliza mechi ilikuwa ya nani na nani, nani alifunga, kibanda kina milango mingapi, karanga nilinunua za shilingi ngapi. Nikajibu moja moja, nimeshika ukingo wa kizimba. Kuhusu mavazi hakuna aliyetamka neno.

Hukumu ilisomwa mwezi uliopita. Hakimu alisema upande wa mashtaka umeshindwa kuthibitisha kosa bila kuacha shaka, na ushahidi wa kibanda umiza haukutikiswa. Akamwachia huru. Jioni ile tulikaa benchi lile lile, na karanga zangu akala tena, bila kuomba.

Asubuhi yake mama yake akaniletea vitumbua sahani nzima. "Unaona?" akaniambia. "Nilikwambia suruali."

Mimi naamini ni maneno. Lakini sikubishana naye, vitumbua vilikuwa bado vya moto.