Mikono Kwanza, Miguu Baadaye

Mwaka 2004 mtaalamu mmoja wa Marekani, Bibi Kim Anderson, aliwauliza watu 681 walioumia uti wa mgongo: katika nguvu zote mlizopoteza, ni zipi mngetaka zirudi mbele ya nyingine? Wewe msomaji ungedhani wote walijibu: kutembea. Sivyo. Kati ya wale waliopooza mikono pamoja na miguu, karibu nusu walitaja mikono kwanza. Kwa maana asiye na miguu huweza kwenda kwa kiti cha magurudumu. Lakini asiyeweza kufumba vidole hulishwa kama mtoto mchanga, huvalishwa na mwingine, na barua yake mwenyewe hufunguliwa na mwingine.

Ndani ya mifupa ya uti wa mgongo mna kamba laini ya fahamu, ishukayo kutoka ubongoni. Humo shingoni kila ngazi hutoa mishipa ya fahamu yenye kuamuru sehemu yake ya mkono: ya juu hukunja kiwiko, ya chini hufumba vidole. Basi mtu akianguka kutoka juu ya mchikichi, au gari likipinduka, na kamba hiyo ikaumia pale chini ya shingo, amri za ubongo huishia penye jeraha. Kiwiko chakunjika bado, lakini vidole havisikii tena. Na ajabu ni hii, vidole vyenyewe havina ugonjwa, wala mishipa yake haikukatika. Ni kama kijiji ambacho daraja lake limebomoka: watu ni wazima, ila habari haziwafikii.

Dawa ya kuiunga kamba yenyewe haijapatikana. Ndipo waganga wapasuaji walipotafuta njia ya kando. Msuli unaokunja kiwiko si mmoja tu. Mmoja ukinyimwa kazi, mwenzake aendelea. Kwa hiyo huutwaa mshipa wa fahamu wa msuli ule wa ziada, huukata, na kuushona kwenye mshipa uendao vidoleni. Mwaka 2012 Bibi Susan Mackinnon na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, walitangaza habari za mzee wa miaka 71 aliyepooza vidole kwa ajali ya gari. Baada ya miezi 8 alianza kuvisogeza. Baadaye akaweza kujilisha mwenyewe.

Mbona muda mrefu hivyo? Mshipa ulioshonwa huota kama mzizi, karibu milimita 1 kwa siku. Nao ukiisha kufika, ubongo sharti uende shule upya: mgonjwa huwaza kukunja kiwiko, na tazama, vidole ndivyo vinavyofumba! Hurudia zoezi hilo siku kwa siku, hata awaze kufumba tu.

Mwaka 2019 Bibi Natasha van Zyl na wenzake wa Melbourne, nchini Australia, walitoa hesabu kubwa zaidi. Walikuwa wamewapasua watu 16, wengi wao vijana, na kuwahamishia mishipa 59. Wengine waliongezewa pia kazi ya kuhamisha kano. Baada ya miaka miwili walioendelea kupimwa waliweza kunyosha kiwiko, kufungua mkono na kushika: chakula, mswaki, kalamu, fedha. Tusifiche upande wa pili. Mishipa 4 haikufaulu, na wagonjwa wawili walipungukiwa daima na hisia mahali fulani.

Tena kuna jambo la saa. Misuli ambayo mzizi wake umo ndani ya jeraha lenyewe hukauka isipopata amri upesi, kwa hiyo waganga hao hushauri kazi ifanyike kabla ya miezi 12 kupita tangu ajali. Yule mzee wa St. Louis alikuwa amekwisha kungoja karibu miaka miwili. Misuli ya vidole vyake ilikuwa na mizizi chini ya jeraha, nayo ilikuwa hai bado.