Mshipa wa Kinena Baada ya Kubadilishwa Vali ya Moyo
Ndugu zetu wa Unguja na Pemba, vali ya moyo siku hizi huweza kubadilishwa bila kupasua kifua. Mrija hupitishwa katika mshipa wa kinena, njia aliyoianza Alain Cribier nchini Ufaransa mwaka 2002. Hatari mojawapo ni mshipa kuchanika. Madaktari hukandamiza, huziba kwa puto kwa ndani, au hushona.

Mgonjwa aliyepitishiwa mrija Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Muhimbili, akafikia kwa jamaa Kariakoo, asikimbilie boti. Kinena kikivimba au kikitoka damu, mlazeni, kandamizeni, mrudisheni hospitali haraka. Mguu ukipoa, msingoje. Akikatazwa kuinuka, huswali kwa ishara akiwa amelala, wala hana dhambi. Allah awaponye wagonjwa wetu. Amin.