Mwanafunzi Mwenye Mawazo Agonge Mlango Gani?

Leo nataka tuingie chuo kikuu, lakini tusielekee ukumbi wa mihadhara wala maktaba. Twende kwenye korido ya jengo la utawala, penye benchi la mbao na mlango wenye kibao kilichoandikwa "Nidhamu na Ushauri". Chuo chenyewe sitakitaja. Kwenye benchi hilo aliketi mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, akiwa mwaka wa pili. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikuwa amejikaza kwenda kumwambia mtu mzima kwamba usiku halali na kuishi kwenyewe hakuna hamu nako tena.

Kulia kwake walikaa vijana wawili walioitwa kwa kosa la kupigana bwenini. Kushoto, msichana aliyekamatwa na kikaratasi kwenye chumba cha mtihani. Katibu muhtasi akachungulia mlangoni, akauliza kwa sauti iliyosikika korido nzima: "Na wewe, una kesi gani?" Kijana akajibu kwamba amekosea ofisi, akaondoka. Muhula ule alipata sapu nne. Uliofuata akadisko, yaani, kwa wasioijua lugha ya vyuoni, aliondolewa masomoni kwa kushindwa mitihani. Sisi nyumbani tukasema ni uvivu na marafiki wabaya. Nami nilikuwa mmoja wa waliosema hivyo, tena kwa sauti kubwa.

Ukiuliza, utaambiwa kwamba vyuoni huduma ya ushauri nasaha ipo. Ni kweli. Vyuo vyetu vikubwa vina ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, vina zahanati, na vingine vina washauri nasaha waliosomea kazi hiyo. Ninachouliza mimi ni iwapo mwanafunzi anaweza kuufikia mlango huo bila kuonekana mtuhumiwa.

Na haja ipo. Umri wa chuo ndio umri wa maradhi haya. Wataalamu wamekwisha kuona kwamba takriban robo tatu ya maradhi ya akili yanayompata mtu maishani huwa yameanza kabla hajatimiza miaka 24 au 25. Shirika la Afya Duniani, kwa hesabu zake za mwaka 2021, linasema kujiua ni sababu ya tatu ya vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29. Sasa mchukue kijana wa umri huo, umtoe kwao, umweke chumba cha watu wanne ambamo wanalala sita kwa kubebana, bumu lichelewe, na kijijini ukoo mzima uwe umechanga nauli yake. Mtoto wa kwanza wa kijiji kufika chuo kikuu hapigi simu nyumbani kusema ameshindwa.

Kiswahili chetu kina neno jepesi kwa hali hii: tunasema fulani "ana mawazo". Neno hilo linasitiri mengi. Mawazo ya ada kuchelewa hukoma ada ikilipwa. Sonona haikomi hivyo. Huo ni ugonjwa, na waganga wa hospitali huupima kwa dalili: huzuni au kukosa hamu ya kitu chochote, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na kuharibika kwa usingizi, chakula kutopita, uchovu, na akili kutotulia. Mwanafunzi mwenye sonona husoma ukurasa mmoja mara tano na asiambulie kitu. Ukimwambia ajitahidi, ni sawa na kumwambia mwenye malaria aache kutetemeka.

Kuna na maradhi mazito zaidi, ya kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii au kuamini kwamba chumba kizima kinamfanyia njama. Hayo nayo aghalabu huanza katika umri huu, na hapo ndipo familia hugawanyika, nusu wakisema bangi, nusu wakisema karogwa. Miezi inapita.

Je, ndani ya chumba cha mshauri nasaha kuna nini? Wengi hudhani kuna sindano na safari ya Mirembe, jina ambalo mitaani tumeligeuza tusi badala ya kulijua kama hospitali. Kwa kawaida kuna viti viwili. Mshauri huuliza, husikiliza, na humsaidia kijana kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Wataonana tena juma lijalo, na linalofuata. Wengi hawahitaji zaidi ya hapo. Anayehitaji dawa hupelekwa kwa daktari, na dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu yake. Anayekuja siku tatu kabla ya mtihani amechelewa. Yanayosemwa humo ni siri, isipokuwa pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini. Mzazi hapewi, mhadhiri hapewi. Ndiyo maana naona ni kosa kubwa siri hiyo kuwekwa katika ofisi inayotoa barua za kusimamisha wanafunzi, hata kama wanaofanya kazi humo ni watu wema.

Wakubwa wa vyuo watasema fedha hakuna na wataalamu ni wachache. Wachache ni kweli. Lakini tazameni Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza na akina bibi 14 wa Mbare, mtaa wa Harare. Akawafundisha namna ya kuzungumza na watu wenye kile ambacho Washona hukiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Wakakaa kwenye mabenchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona miongoni mwa walioongea na akina bibi hao walikuwa asilimia 14 hivi, dhidi ya 50 hivi kwa waliopata huduma ya kawaida. Nasi tulikwisha kuwa na waelimishaji rika vyuoni kwa ajili ya UKIMWI. Tunajua kazi hiyo inavyofanyika.

Sheria nayo inaongeza woga. Kanuni yetu ya Adhabu, tuliyoachiwa na Waingereza, inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Jirani zetu Kenya walikuwa na kifungu kama hicho. Januari 2025 Mahakama Kuu yao ilikitamka kuwa kinyume cha katiba. Kwetu, kijana anayetaka kukiri kwamba amejaribu anajiuliza kama anamwambia mganga au polisi.

Na kuna jambo moja ambalo mpwa wangu angelijua mapema, asingedisko. Taratibu za vyuo huruhusu mwanafunzi mgonjwa kuahirisha masomo kwa barua ya daktari, na ugonjwa wa akili ni ugonjwa kama mwingine. Barua ipelekwe kabla ya mitihani, na ofisa mikopo wa chuo aarifiwe. Matokeo yakishatoka, kazi ni ngumu.

Kijana sasa anatibiwa, anahudhuria kliniki kila mwezi, na mwaka jana alipata nafasi upya, chuo kingine, kuanzia mwaka wa kwanza. Wiki ya kwanza alinipigia simu.

"Shikamoo mjomba. Ofisi ya ushauri nasaha nimeiona. Iko nyuma ya zahanati, na mlangoni hawajaandika nidhamu."

"Marahaba. Umeingia?"

"Bado mjomba. Nimeandikishwa Jumanne."