Mwalimu mzuri wa fidla hujulikana kwa sikio lake

WAZAZI wanaomtafutia mtoto mwalimu wa fidla mara nyingi huuliza swali moja tu: je, anapiga vizuri? Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi, kwani kupiga fidla ni kazi moja na kumfundisha mwingine ni kazi nyingine.

Tofauti na gitaa, fidla haina vyuma shingoni vinavyoonyesha mahali pa kubana uzi. Kidole kikisogea milimita moja au mbili tu, sauti hupotoka. Mwanafunzi hana budi kuongozwa na sikio, na katika miezi ya mwanzo sikio hilo ni la mwalimu.

Ndiyo maana makosa ya mwanzo ni ghali. Mtoto aliyezoea kuinua bega au kukaza kidole gumba anaposhika upinde aweza kupata maumivu ya mkono na shingo, na mazoea hayo ni magumu kuyaondoa.

Historia inatoa mifano. Leopold Auer, aliyefundisha katika Chuo cha Muziki cha St Petersburg, Urusi, kuanzia mwaka 1868 hadi 1917, aliwalea Mischa Elman, Jascha Heifetz na Nathan Milstein. Wote watatu walipata sifa duniani, lakini kila mmoja alibaki na sauti yake mwenyewe.

Nchini Marekani, Dorothy DeLay, aliyefariki dunia mwaka 2002, hakuvuma kama mpigaji. Hata hivyo, miongoni mwa waliopita mikononi mwake katika chuo cha Juilliard, New York, ni Itzhak Perlman. Badala ya kutoa amri, DeLay alipenda kuuliza maswali ili mwanafunzi ajisikilize na kulitambua kosa mwenyewe.

Naye Shinichi Suzuki wa Japani, aliyezaliwa mwaka 1898, aliamini kuwa mtoto hujifunza muziki kama anavyojifunza lugha ya mama: kwa kusikia na kurudia. Alimtaka mzazi ahudhurie masomo, kwa kuwa mazoezi ya kila siku hufanyika nyumbani, mbali na macho ya mwalimu.

Kwa wanaotaka kupiga taarabu, lipo sharti la ziada. Fidla za taarabu asilia ya Zanzibar hufuata pia makamu za Kiarabu, ambazo baadhi yake zina sauti zisizopatikana kwenye piano. Mwalimu asiyezijua makamu hizo aweza kumsahihisha mwanafunzi pale pale alipopatia.

Mzazi afanyeje basi? Aombe kuketi katika somo moja kabla ya kulipa ada. Atazame kama mwalimu anahakikisha kuwa ukubwa wa fidla unalingana na mkono wa mtoto, na kama anasahihisha jambo moja hadi likae sawa, au anataja makosa kumi kwa pamoja na kumwacha mtoto ameduwaa.

Somo likiisha, amuulize mtoto maswali mawili: leo umesahihisha nini, na nyumbani utafanya mazoezi gani? Mtoto akijibu bila kusita, mwalimu huyo amefanya kazi yake. Akikosa jibu, ni vyema kuendelea kutafuta, hata kama mwalimu huyo ni mpigaji hodari.