Bunduki ya Upepo ya Bei Rahisi: Kwa Nini Haipigi Pale Unapolenga

Bwana Mkulima, nawe Bibi Mkulima, wengi wenu mmekuja ofisini na swali moja: je, bunduki ya upepo yafaa kwa kulinda shamba? Mmeiona picha yake kwenye simu, au mmesikia habari zake kwa mfanya biashara apitaye. Bei si kubwa sana, nayo husemwa ya kwamba itaondoa kunguru wanaokula vifaranga na ndege wanaomaliza mtama. Wakulima wa Hindi-Magogoni wameuliza, na wa Lake Kenyatta pia. Mimi ni karani tu, sikuwa na jibu la kuwapa, mpaka niliposafiri kwenda Ndau kwa kazi ya kuandika hesabu ya minazi.

Ndau, kama mjuavyo, ni kisiwa kilicho kati ya Pate na Kiwayu, na watu wake ni wavuvi na wakulima kwa pamoja. Huko nilimkuta mzee mmoja amekaa barazani, bunduki imelala magotini, na kunguru watatu wako juu ya paa la jirani wanamtazama. Kabla ya kuishika bunduki ile nilimwomba anionyeshe karatasi yake ya polisi, naye alikuwa nayo. Kisha akaniambia, "Bwana Karani, nimeuza ufuta wangu wa msimu mzima nikanunua kitu hiki. Sasa kunguru wananicheka."

Nilidhani labda macho ya mzee yamechoka. Lakini wajukuu wake wawili walikuwa wamejaribu nao wakakosa vile vile. Na si kukosa tu. Siku chache kabla ya mimi kufika, mzee alilenga kunguru aliyekuwa karibu na ukuta wa mawe ya matumbawe. Risasi ikapiga jiwe, ikarudi, ikapasua mtungi wa maji hatua mbili tu kutoka alipokuwa ameinama mkaza mwanawe akiosha vyombo. Tangu siku hiyo mama yule hakutaka kuiona bunduki uani, na nyumba ilikuwa na ugomvi.

Basi tulikaa mchana mmoja tukaichunguza. Haya ndiyo tuliyoyaona, pamoja na mambo mengine ambayo yafaa uyajue kabla ya kutoa fedha zako.

JINSI INAVYOFANYA KAZI

Bunduki hii haina baruti. Ndani ya mwili wake mna bomba, na ndani ya bomba mna pistoni inayosukumwa na kamani, au springi kama wasemavyo mafundi. Ukiukunja mtutu kwenda chini, kamani hubanwa ikashikwa. Unatia risasi ndogo nyuma ya mtutu, unaufunga, unalenga. Ukivuta mtambo wa kufyatulia, kamani huachiwa, pistoni huruka mbele, hewa iliyo katika bomba hubanwa kwa ghafula, nayo ndiyo inayosukuma risasi itoke. Ni kama pampu ya baiskeli, ila nguvu yote hutoka kwa mara moja. Risasi zenyewe kwa kawaida ni za milimita 4.5 au 5.5 kwa unene, zimebana kiunoni kama kinu.

Sasa angalia jambo hili. Pistoni ni chuma kizito kinachoruka na kusimama kwa ghafula wakati risasi ingali ndani ya mtutu. Kwa hiyo bunduki hushtuka nyuma, kisha hushtuka mbele, kabla risasi haijatoka. Mtu aliyezoea kuikaza bunduki begani kwa nguvu zote huiharibu shabaha yake mwenyewe. Bunduki ya kamani hushikwa kwa mkono mwepesi, namna ile ile kila mara, ikaachwa ishtuke itakavyo. Hili ni kosa la mpigaji, nalo mzee alikuwa nalo. Lakini makosa mengine yalikuwa ya bunduki.

KUPIMA

Tulichukua karatasi, tukaitia alama ya makaa katikati, tukaiegemeza kwenye tuta kubwa la mchanga ufukoni mahali ambapo nyuma yake hapakuwa na nyumba, njia wala chombo. Tukajaza gunia mchanga ili liwe la kuegemezea bunduki. Tukapiga risasi 5 kutoka hatua 10, kisha karatasi mpya, risasi 5 kutoka hatua 25.

Niliposomea ualimu nilifundishwa kwamba mtoto anayekosa hesabu zote kwa namna moja ni rahisi kumsaidia kuliko yule anayekosa kila hesabu kwa njia yake. Na bunduki ni hivyo hivyo. Kama matundu yote matano yamekaa pamoja lakini mbali na alama, bunduki ni nzuri; kilengeo chake tu ndicho kinachotaka kusogezwa. Kama matundu yametawanyika, moja juu, moja kushoto, moja nje ya karatasi, hakuna kilengeo kitakachokusaidia. Watu wengi hupoteza risasi mia wakizungusha skrubu za kilengeo, na kumbe ugonjwa haupo hapo.

Ya mzee, kwa hatua 10, ilitoboa matundu ambayo ungeweza kuyafunika kwa kikombe cha kahawa. Si mbaya. Kwa hatua 25 hata sinia ya wali isingeyafunika, na risasi moja hatukuiona ilikokwenda.

SABABU TULIZOZIKUTA

Ya kwanza ilikuwa skrubu. Zile zinazoshika mbao na chuma zilikuwa zimelegea, mbili zikizunguka kwa kidole. Mishtuko ya kamani hulegeza skrubu za bunduki yoyote ya namna hii, hata ya bei kubwa, kwa hiyo yapasa kuzikaza mara kwa mara. Tulizikaza, na kundi la matundu likapungua kidogo.

Ya pili ilikuwa darubini. Mwuzaji alikuwa ameifunga juu ya bunduki darubini ndogo na kuisifu sana. Lakini darubini imefungwa juu ya mwili, na mtutu umeungwa na mwili kwa bawaba ili upate kukunjwa. Bawaba ya bunduki ile ilikuwa na mchezo. Ukiushika mtutu uliofungwa unausikia ukitikisika. Fanya hesabu: mtutu una urefu wa sentimita 45. Mdomo wake ukihama milimita 1 tu, basi kwa mita 30 risasi itahama karibu sentimita 7. Hiyo yatosha kumkosa kunguru. Darubini inatazama mahali pamoja, mtutu unatazama pengine, na kila ukikunja na kufunga unahama tena. Vilengeo vya chuma vilivyo juu ya mtutu wenyewe vingekuwa na nafuu, kwa sababu huhama pamoja na mtutu. Lakini katika bunduki hii kilengeo cha nyuma kilikuwa cha plastiki, nacho kilikuwa kimekwisha kuvunjika.

Ya tatu ni mdomo wa mtutu. Ndani ya mtutu mna mistari iliyochongwa kwa kuzunguka, ili risasi itoke ikizunguka kama pia na kwenda sawa. Mdomo wa mtutu ndiyo sehemu ya mwisho kuigusa risasi. Nilipopitisha kijiti chenye pamba, pamba ilinasa upande mmoja: palikuwa na kijino cha chuma kilichoachwa na mashine kiwandani. Kijino hicho huisukuma risasi pembeni inapotoka. Katika kiwanda kizuri mtu huangalia na kusafisha mahali hapo. Kazi hiyo ina gharama, na hapo ndipo bei rahisi inapopatikana.

Ya nne iliniuma, maana mzee mwenyewe aliifanya kwa nia njema. Upepo wa chumvi ulikuwa umeanza kuleta kutu, basi akatia mafuta ya nazi, tena mengi, kupitia tundu la hewa. Tangu hapo bunduki ikawa inatoa moshi na mlio mkubwa, naye akafurahi akidhani imepata nguvu. Hewa ikibanwa kwa ghafula hupata moto mkali, na mafuta yaliyomo ndani ya bomba huwaka, kama katika injini ya dizeli. Risasi moja hutoka kwa kasi, inayofuata hutoka polepole, na mpira wa pistoni huungua. Mpira ukiisha kuungua, hewa huvuja. Paka mafuta ya mashine kidogo kwa kitambaa juu ya chuma cha nje ili kuzuia kutu, hasa ninyi mlio karibu na bahari. Ndani ya bomba usitie.

Na kasi ikibadilika, shabaha nayo hubadilika. Risasi inayokwenda kwa wastani wa mita 180 kwa sekunde huanguka karibu sentimita 14 chini ya mstari wa mtutu ifikapo mita 30. Ikienda mita 150 kwa sekunde, huanguka karibu sentimita 20. Umelenga mahali pale pale, mkono haukutetemeka, lakini risasi moja iko sentimita 6 chini ya nyingine.

Juu ya sanduku paliandikwa futi 1,000 kwa sekunde, yaani kama mita 305. Usiipe sifa hii uzito. Viwanda vingine hupima kwa risasi nyepesi kupita kiasi ili namba iwe kubwa. Risasi za mzee zilikuwa za kawaida, tena za bei rahisi, na nyingi zilikuwa zimebonyea ukingoni kwa kusafirishwa ndani ya mfuko. Risasi iliyobonyea haizibi mtutu vizuri wala haiendi sawa. Tulichagua zile nzima kumi tukapiga tena, na kwa hatua 10 kundi likawa dogo zaidi. Kwa hatua 25 bado ilikuwa ni bahati nasibu.

SHERIA NA HATARI

Usikubali kuambiwa na mwuzaji kwamba hiki ni kitu cha kuchezea watoto. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inakataza mtu kununua au kuwa na silaha bila cheti. Kwa hiyo nenda kituo cha polisi ukaulize kabla ya kulipa, si baada ya kulipa. Hata Uingereza, ambako bunduki nyingi za upepo huuzwa bila cheti hicho, bunduki ndefu yenye nguvu ya kupita kama joule 16 inahitaji cheti.

Tumbili, kima na nyani usiwafikirie kabisa. Uwindaji wa wanyama wa porini ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ina adhabu kali. Tena risasi hii haimwui tumbili. Humtia jeraha, akaenda kufa kwa siku nyingi. Wakikushinda, peleka habari kwa ofisi ya KWS. Na kutoka Kiwayu kwenda kaskazini ni Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyowekwa mwaka 1979, ambamo ndege wa baharini huzaa visiwani. Bunduki haina kazi huko.

Risasi hizi ni za madini ya risasi kama jina lao, nayo ni sumu. Nimeona vijana wakiziweka mdomoni ili mikono iwe huru. Wakataze. Usizipige penye kuku pia, maana kuku huokota vijiwe vya firigisi, naye ataokota risasi, ikayeyuka tumboni mwake kidogo kidogo. Na kumbuka risasi iliyokosa haisimami hapo. Huweza kwenda zaidi ya mita 200, na jicho la mtoto haliwezi kuizuia.

KUHUSU KUNGURU

Kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu, ambao Mombasa huitwa kurabu, si wa asili ya hapa. Waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili wale takataka, na Mombasa walionekana mwaka 1947. Ni werevu sana. Humtambua mtu aliyewatupia jiwe, na ukitoka na bunduki mara mbili, mara ya tatu wataruka ukiwa bado mlangoni. Hata bunduki njema ingekupa kunguru mmoja au wawili, kisha ungebaki kuwatazama wakiwa juu ya mnazi wa mbali.

Kinachowavuta ni matumbo ya samaki na makombo yaliyoachwa wazi, na kinachowalisha ni vifaranga wanaotembea bila kifuniko. Fukia taka. Vifaranga wafungie chini ya wavu kwa wiki sita za mwanzo, hata wawe wakubwa kiasi cha kujitetea. Kwa ndege wa mtama, dungu lililojengwa katikati ya shamba, kijana mwenye kombeo na kamba zenye makopo matupu huamia shamba lote kwa pamoja, wakati ambapo bunduki hutazama ndege mmoja tu.

Mzee wa Ndau alijaribu kuirudisha bunduki kwa mwuzaji, lakini mwuzaji alikuwa amekwisha kuondoka Lamu na namba yake ya simu haikupatikana. Mwishowe aliikabidhi polisi pamoja na karatasi yake, akapewa hati ya kupokea. Fedha za ufuta zimekwenda. Nilipopita tena baada ya miezi miwili nilikuta uani kwake wavu mkuukuu wa kuvulia umetandazwa juu ya vijiti vinne, na chini yake vifaranga kumi na mmoja. Kunguru walikuwa bado juu ya paa la jirani. Mkaza mwanawe alinionyesha mtungi mpya.