Joto la Shambani na Ugumu wa Siagi ya Kakao

Zaidi ya nusu ya uzito wa kiini cha punje kavu ya kakao ni mafuta. Mafuta hayo, yaani siagi ya kakao, huyeyuka kwenye nyuzi joto 32 hadi 35 za Selsiasi, ndiyo maana chokoleti hukatika kwa mlio ikiwa mkononi na kulainika mara ifikapo mdomoni. Sehemu yake kubwa ni asidi tatu: palmitiki na steariki, zinazoyapa mafuta ugumu, na oleiki, inayoyalainisha.

Uwiano wa asidi hizo hubadilika kwa mahali. Siagi ya Malaysia, kwenye joto la mwaka mzima, huwa ngumu; ya Bahia nchini Brazili, ambako kuna miezi ya ubaridi, huwa laini; ya Afrika Magharibi huangukia katikati.

Tunda la kakao huchukua miezi mitano hadi sita kukomaa. Likipasuliwa katika mwezi wa tatu, mbegu zake huonekana zimejaa ute tu, kwa kuwa mafuta hujengwa baadaye, tunda likielekea kuiva. Joto la kipindi hicho kifupi ndilo lenye uamuzi. Ndani ya mbegu kimo kimeng'enya kinachosaidia kugeuza steariki kuwa oleiki, na penye ubaridi oleiki huongezeka. Kwa hiyo mti uleule wa Bahia huweza kutoa siagi ngumu msimu mmoja na laini msimu mwingine. Hata kwa Kyela, inakotoka sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania, wastani wa joto la mwaka hausemi mengi. La kutazamwa ni joto la miezi ambayo mbegu zilikuwa zikijaa.

Ukame hugusa zaidi kiasi cha mafuta: punje hudumaa, ganda likazidi na mafuta yakapungua.

Si kila tofauti ya mahali inatokana na hali ya hewa, hata hivyo. Siagi ya shea ya kaskazini mwa Uganda ni laini kuliko ya Afrika Magharibi, na sababu kubwa ni nasaba ya miti yenyewe.

Mvua za wakati wa kuanika nazo zina madhara yake. Punje zikibaki na unyevu unaozidi asilimia 8 huota ukungu, na mafuta huvunjika yakatoa asidi huru. Siagi ya namna hiyo huganda polepole, na asidi huru zikipita asilimia 1.75 haikidhi kiwango cha Codex Alimentarius, yaani viwango vya kimataifa vya vyakula.