Nshomile, mastaz yako inakwendaje?

Ukialikwa kwenye utafiti kuhusu maisha yako ya masomo, usikimbie. Uliza maswali yako kwanza, kisha useme ukweli.

Ukitaka kumtania Mhaya, mwite Nshomile. Atacheka, na moyoni atajisikia vizuri, maana kwa Kihaya neno hilo ni “nimesoma”. Kuanzia Bukoba mjini hadi Muleba, kusoma ni heshima ya ukoo mzima. Huku ndiko alikotoka Laurean Rugambwa, aliyesoma hadi udaktari wa sheria za Kanisa kule Roma, na mwaka 1960 akawa Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kupewa ukardinali. Huku pia ndiko kwao Profesa Anna Tibaijuka, mtoto wa Muleba aliyesomea uchumi wa kilimo Sweden na baadaye akaliongoza shirika la UN-Habitat.

Lakini hebu litazame neno lenyewe. Ni “nimesoma”. Kazi imekwisha, joho limevaliwa, picha imetundikwa sebuleni. Yule ambaye bado yuko katikati ya safari, anayehangaika na sura ya pili ya tasnifu saa sita usiku, hana jina la utani. Wala hakuna anayemuuliza kitu zaidi ya “unamaliza lini?”

Unamjua. Pengine ni wewe mwenyewe. Ni mwalimu wa sekondari Muleba anayesoma mastaz kwa masafa. Ni nesi wa Bukoba mwenye zamu za usiku. Ni baba wa watoto watatu aliyechukua mkopo benki kulipia ada, na sasa mshahara unafika ukiwa umeshakatwa. Supavaiza hajajibu imeili mwezi wa pili huu. Kijijini kuna msiba na usipoonekana utasemwa. Nyumbani mwenzi wako ameanza kuiita hiyo kompyuta “mke mwenza”.

Halafu siku moja unapata ujumbe: “Tunakualika kushiriki utafiti kuhusu uzoefu wa wanafunzi wa shahada za juu.” Unausoma mara moja, unasema moyoni “sina muda”, unaufunga. Mpenzi msomaji, kabla hujaufunga, tuongee kidogo.

WASIPOKUULIZA WEWE, WATABUNI

Kagera tuna mfano ambao dunia nzima inaujua. Tarehe 30 Januari 1962, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni pale Kashasha, maili kama 25 kutoka Bukoba, walianza kucheka wakashindwa kuacha. Kicheko kikageuka kilio, kikarudi kuwa kicheko. Kufikia Machi 18, shule ilipofungwa, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Baadhi yao waliporudi makwao Nshamba, Muleba ya leo, hali hiyo ikawakumba watu 217 huko ndani ya Aprili na Mei.

Madaktari wawili, Rankin na Philip, walichunguza damu, wakaangalia chakula na maji. Hawakukuta sumu wala kijidudu. Ripoti yao ya mwaka 1963 ilisema ni histeria ya kundi, yaani hofu na msongo vinavyoambukizana bila ugonjwa wa mwilini. Miaka mingi baadaye, mwaka 2007, mtaalamu wa masuala ya ucheshi, Christian Hempelmann, aliandika kwamba kile hakikuwa kicheko cha furaha hata kidogo, bali dalili mojawapo ya msongo mzito.

Leo ukiitafuta habari hii kwenye mtandao utaikuta kila mahali, nyingi zikiisimulia kama kichekesho. Wamesema madaktari, wamesema maprofesa, wamesema watangazaji. Kinachosikika kwa shida ni sauti za wasichana wenyewe: walikuwa wanaogopa nini, walikuwa wanaishije bwenini, nani alikuwa anawasikiliza.

Hilo ndilo somo la kwanza. Mwanafunzi asipoeleza maisha yake mwenyewe, wengine watayaeleza kwa niaba yake, tena kwa namna itakayowachekesha wao. Leo mwanafunzi wa mastaz akiacha katikati, maelezo yako tayari: mvivu, kichwa hakikutosha, au mume alimkataza. Nani ameenda kumuuliza?

WALIOKUBALI KUULIZWA

Sasa sikia upande mwingine. Mwaka 1991, wakati UKIMWI unaikausha Kagera, mkoa ambako wagonjwa wa kwanza nchini waligundulika mwaka 1983, Benki ya Dunia na wataalamu wa Muhimbili walianza utafiti katika kaya zaidi ya 900 za mkoa huu. Hadi mwaka 1994 kaya hizo zilihojiwa hadi mara nne. Watafiti walirudi mwaka 2004 na tena 2010, wakiwafuata hata waliokuwa wamehamia Mwanza, Dar es Salaam na Uganda. Zaidi ya kaya 9 katika kila 10 za mwanzo zilipatikana tena.

Fikiria, watu wako msibani, watu wanauguza, halafu anakuja mgeni na dodoso refu. Walikuwa na kila sababu ya kumfukuza, lakini walimpa kiti.

Matokeo yake tunajua mambo ambayo tungebaki kuyakisia. Kwa mfano, mtoto aliyefiwa na mama aliishia kupoteza wastani wa mwaka mzima wa shule, na ukubwani alikuwa mfupi kwa sentimita 2 hivi kuliko ambavyo angekuwa. Tunajua pia kwamba waliohama kijiji waliinua hali zao kwa kasi kuliko ndugu zao waliobaki. Takwimu hizo zimetumiwa na wasomi na wapangaji wa sera sehemu nyingi duniani, na zimetoka kwa wakulima wa migomba waliokubali kuulizwa.

DENI AMBALO HALIMO KWENYE ADA

Na wewe msomi, je? Hapa ndipo tunapobanana. Ili upate mastaz lazima ukusanye data. Utapanda bodaboda mpaka Kamachumu, utabisha hodi kwenye kibanda, na bibi wa watu ataacha kumenya ndizi zake akujibu maswali 40. Hatapata cheti na pengine hatajua hata majibu yake yaliishia wapi. Lakini atakujibu, kwa sababu ni ustaarabu na kwa sababu umemwambia kwamba utafiti ni muhimu.

Ukija kuulizwa wewe, eti huna muda! Jamani, kama utafiti ni muhimu kwa bibi wa Kamachumu, kwa nini usiwe muhimu kwako?

Isitoshe, majibu yako yanahitajika sasa. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1992, kina kituo chake Bukoba, na wengi mnasoma huko huku mkifanya kazi. Kupitia mradi wa elimu ya juu wa HEET, ulioanza mwaka 2021, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kimepangiwa kampasi mkoani Kagera. Majengo yanaonekana kwa macho. Lakini maktaba ifungwe saa ngapi, mama anayenyonyesha akae wapi, supavaiza ajibu ndani ya siku ngapi, hayo hayaonekani mpaka aliyepitia aseme.

Wenzetu wa nje husema. Mwaka 2019 jarida la sayansi la Nature liliwauliza wanafunzi wa uzamivu zaidi ya 6,000 kutoka nchi mbalimbali. Asilimia 36 walisema wamewahi kutafuta msaada kwa sababu ya wasiwasi au sonona iliyoletwa na masomo. Maswali yale yalitolewa kwa Kiingereza na lugha nyingine nne, na Kiswahili hakikuwamo. Kwa hiyo usingoje dunia ikuulize kwa lugha yako. Ukiulizwa hapa nyumbani, jibu.

KABLA HUJASAINI

Kukubali si kujirusha kichwakichwa. Mtafiti wa kweli hachukii kuulizwa. Muulize haya:

• Kibali kiko wapi? Utafiti unaofanyika nchini huwa na kibali cha chuo husika au cha COSTECH, na ule wa afya hupitia NIMR. Omba uone barua. Asiyekuwa na barua, mwambie arudi akiwa nayo.

• Wewe ni nani kwa supavaiza wangu? Kama anayekuhoji anakaa ofisi moja na anayesahihisha tasnifu yako, una haki ya kusita. Omba uhojiwe na mtu mwingine, au ujaze dodoso lisilo na jina.

• Utanifichaje? Hili ni kubwa kwetu. Dar es Salaam kuandika “mwalimu wa kike, miaka 38, mama wa watoto watatu, anasoma uzamivu” hakumtaji mtu. Muleba ukiandika hivyo, hata dereva wa Hiace atajua ni nani. Kuondoa jina peke yake hakutoshi. Mwambie abadilishe au aache kabisa vitu vinavyokutambulisha.

• Sauti yangu itakaa wapi? Kama anarekodi, ajibu nani atasikiliza na lini itafutwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihusu taarifa zako pia. Huombi fadhila hapo.

• Naweza kutoka katikati? Jibu sahihi ni ndiyo, bila adhabu na bila kununiwa. Swali usilolitaka unaliruka.

• Nalipa nini? Hulipi chochote. Nauli na soda unaweza kurudishiwa. Ukiambiwa utume pesa ya “usajili wa mshiriki”, huyo ni tapeli.

• Naweza kusema Kiswahili? Wengi wetu tunaandika tasnifu kwa Kiingereza lakini tunalia kwa Kiswahili. Uchungu wako useme kwa lugha unayoimudu.

Na kama yaliyokupata ni mazito, mathalani mtu aliyetaka mwili wako ndipo akupe alama, usiishie kwenye dodoso. Hiyo ni rushwa ya ngono, na ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Mtafiti atakusikiliza, lakini wa kushughulika na mhalifu ni TAKUKURU na polisi.

NA NYUMBANI JE?

Kuna mtu mmoja husahaulika katika ishu hizi. Ni mwenzi wako. Ukianza kueleza maisha yako ya masomo, kwa vyovyote utamtaja: aliyekulipia muhula wa kwanza, aliyenuna muhula wa pili, aliyewapeleka watoto kliniki ulipokuwa Mwanza kumwona supavaiza. Yeye hajasaini karatasi yoyote ya ridhaa.

Si lazima umwombe ruhusa, maana hayo ni maisha yako. Lakini jaribu kitu kimoja. Kabla ya kwenda kuhojiwa, mkae jioni moja, simu ziwe mbali, na umwulize: “Hii mastaz yangu imekuwaje kwako?” Kisha nyamaza umsikilize. Usijitetee, usimkumbushe nani alisema nini mwaka juzi. Ukishamsikia, ndipo umweleze na wewe ilivyokuwa kwako, hata yale uliyomficha usionekane umeshindwa.

Wapo wanandoa wanaoishi nyumba moja miaka mitatu ya mastaz bila kuulizana swali hilo. Wanaulizana ada imelipwa, chakula kipo, mtoto amelala. Mmoja akipata joho mwingine anabaki na kinyongo ambacho hakuna aliyekiona kikiota.

Na ninyi msiosoma, mlio na ndugu, dada au shemeji anayesoma, punguzeni lile swali la “unamaliza lini?” Muulizeni “inakwendaje?” Anaweza kujibu “safi tu” mara ya kwanza. Rudieni wiki ijayo.

Kwako wewe uliye katikati ya safari: ujumbe ule wa mwaliko labda bado uko kwenye simu. Ufungue. Uliza kibali, uliza watakufichaje, uliza kila kitu. Ukiridhika, nenda ukaseme kama ulivyo, na mazuri usiyaache: rafiki wa darasani aliyekupigia usiku, furaha ya kuona sura ya kwanza imepita. Mwakani kuna mtu wa Muleba atajaza fomu ya kuanza mastaz, na huyo atanufaika kujua wewe ulipita wapi.